Barua ya Kufuli

Usijifanye hukumwona. Ulimwona Védastine akisimama mbele ya mudugudu, kijiji kizima, barua ya kodi mkononi, nawe ukageuza shingo kutazama dirishani kana kwamba Ziwa Kivu lilikuwa limeota pembe. Wote mligeuka. Mliokaa naye ukuta kwa ukuta ndio mliogeuka wa kwanza.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji iliisha saa tano, mvua ikaanza, watu wakakimbilia ukumbini na majembe yao kwa mkutano. Ajenda ilikuwa moja: wadaiwa wa kodi ya ardhi.

Niyomugabo, shefu wa mudugudu, aliita jina la marehemu, kisha akamtazama mjane wake.

"Maman Védastine, kodi ya kiwanja ya Papa Anastase. Miaka ine. Balikusogezea tarehe mara mbili. Sasa unasema je?"

"Niko naomba mara ya tatu, Shefu. Tangu mupaka ianze kusumbua, samaki za sambaza haziuzike tena ng'ambo. Lakini nililipa kidogo kidogo. Ya mwaka wa kwanza nilimaliza."

Alilipa kweli. Aliuza mbuzi. Aliuza vitenge alivyorudi navyo kutoka Bukavu, siku zile familia ilipovuka mto kurudi Rwanda na mabegi matatu. Akauza na cherehani ya Anastase. Kila aliposhuka sokoni Kamembe na beseni la sambaza, nusu ya faida iliishia kwenye kiwanja kile, na watoto wakanywa uji bila sukari. Ninyi mkasema anakonda kwa kumlilia mume.

Na mume huyo mlimjua. Hakuweza kumwambia mtu hapana. Alipofariki, nusu ya vitu vyake ilikuwa mikononi mwa watu: ngazi kwa huyu, sepetu kwa yule. Kwenye msiba mlimsifu sana kwa roho yake nzuri. Hakuna aliyekuja na ngazi.

Primitive, jirani, alichungulia barua juu ya bega la Védastine.

"Ee! Banaandika jengo ya milango mbili! Maman, sisi tunakuonaka unatoka na mulango moja tu. Ile ingine unaificha ju ya nini? Njo ya bwana mupya?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Védastine alicheka kidogo.

"Shefu, niache nieleze kile kiwanja…"

"Eleza ku biro ya kodi, Maman."

"Ku biro nilienda mara mbili. Bananiambia jina ile iko ku hati ni ya bwana yangu, nilipe tu."

"Basi biro imesema. Na hapa kila muntu iko na kodi yake."

Shefu akakunjua amri iliyotoka juu. Anayeomba kusogezewa mara ya tatu, wakazi wamkubali kwa kuinua mikono. Wakikataa, jengo litiwe kufuli siku hiyohiyo, na kila aliyemo atoke, hata awe nani, mpaka deni liishe.

"Njo demokrasia," alisema Niyomugabo, akiikunja tena. "Tusikuye kusema hatukuulizwa."

Mzee Uwayezu, katekista, alikohoa. "Mvua hii, Shefu? Tutoe bantu inje?"

"Mvua haiko mu amri, Mzee."

"Na batoto je?"

"Batoto banatoka pia," alidakia Primitive. "Tukimuonea huruma huyu, kesho kila muntu atakuya kutaka huruma. Mimi nani alinihurumia? Nililipa, nikalala na njaa, nikanyamaza!"

Watu wakapiga makofi. Angalia jinsi shida inavyotugawa: mwenye njaa anampigia makofi mwenye njaa amfukuze mwenye njaa, na aliyeandika amri yuko kwake anakunywa chai.

"Banaokubali asogezewe?"

Mikono miwili. Mmoja wa Mzee Uwayezu. Wa pili ulikuwa wa Védastine mwenyewe, akaambiwa wa mdaiwa hauhesabiwi.

"Banaotaka kufuli?"

Mikono ikainuka kutoka benchi la mbele hadi la nyuma. Wako pia ulikuwamo. Uliuinua nusu, kama mtu anayejikuna, lakini ulihesabiwa.

Védastine aliwatazama mmoja mmoja. Hakulia.

"Munakubali bote?" aliuliza. "Kila muntu ile iko ndani atoke? Leo?"

"Leo!" wakajibu kwa sauti moja.

"Hata nikisema mungoje mvua ikatike?"

"Leo, Maman!" Primitive alipaza sauti. "Usituchezee!"

"Sawa. Shefu, andika mu kitabu kwanza. Andika bote balikubali."

Niyomugabo aliandika, akatia saini, akagonga muhuri. Kisha akatoa kufuli jipya mfukoni, bado limefungwa kwenye nailoni.

"Hata mimi nakuonea huruma, Maman. Lakini kura ni kura. Twende utuoneshe."

"Hakuna kwenda, Shefu." Védastine alilichukua kufuli kutoka mkononi mwake, akaichana nailoni kwa meno. "Kwangu kule nililipaka zamani, siko na deni hata moja. Kiwanja ile iko na deni njo hii munaikalia, ile Anastase aliwaazimaka mujenge ukumbi."

Nawe uliyeinua mkono, usimtazame mwenzako: ingia mvuani, au toa kodi. Sasa hivi.