Mwizi wa Mjukuu

Kwachu! Gizani, komeo la mlango wa jikoni lilifyatuka lenyewe.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jua lilipozama. Binti aliacha sufuria, akapapasa kutafuta kiberiti. Kabla hajakipata, alisikia pumzi za baba yake pale mlangoni.

"Mwanangu, tutoke. Sasa hivi."

"Jamani, Baba, tena? Tutoke twende wapi?"

Wiki nzima wimbo ulikuwa huo huo. Mlango ulianza kubana katikati ya kiangazi, wakati mbao hazivimbi. Mzee akaupiga randa, ukafunga vizuri. Kulipokucha ukabana tena. "Mlango hauna kosa," alisema. "Fremu ndiyo inayobanwa. Jengo linashuka." Juu ya vichwa vyao mwenye nyumba alikuwa anapandisha ghorofa ya nne, kwenye nguzo zilizokusudiwa kubeba tatu.

Maisha yake yote mzee alikuwa amesimamisha madaraja, matangi ya maji na hospitali. Lakini mstaafu ni mstaafu. Mwenye nyumba alimwambia, "Mzee wangu, kalamu ulishaiweka chini, pumzika." Kwenye ofisi ya manispaa walimwambia arudi wiki ijayo. Alipogonga mlango mmoja mmoja kuwaonya majirani, fundi cherehani wa chini aliangua kicheko: "Mhandisi, ulipostaafu si ungestaafu na nyufa zako!"

Binti naye alikuwa amechoka. Asubuhi hiyo alimkuta mzee ameegemeza shavu ukutani, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa kifuani, machozi yakimtiririka. Hapo ndipo moyo ulipomwambia: akili ya baba yako inaondoka.

"Haya, tuseme tunatoka sisi," alimjibu sasa, kwa upole wa kumbembeleza. "Na majirani je?"

"Kwa ajili ya ukuta hawatoki," mzee alisema.

"Basi kaa, Baba, nikupe chai."

Njiti ilipowaka, mzee hakuwepo. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Na mjukuu wake wa miaka mitano, ambaye jengo zima lilimwita Kasuku kwa ule mdomo wake, naye hakuwepo.

Kisha ngazini ukapasuka ukelele: "Mamaa! Naibiwa! Nisaidieni!"

Binti alishuka akijigonga kuta, bila viatu. "Mwanangu! Baba, nirudishie mwanangu!" Kila ghorofa mtoto alianza mayowe upya, na kila ghorofa milango ilifunguka. Mwizi wa mtoto! Watu walimwagika na taa za simu, na miiko, na mikanda. Mama wa mapacha alitoka na mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Fundi cherehani alitoka na mkasi. Hata bibi kizee wa chumba cha pembeni alijikokota na mkongojo wake, akitukana kuliko wote.

Mzee, ambaye siku hizi ngazi zilimtoa jasho, alikuwa anakimbia. Alivuka barabara, akaingia uwanjani, mtoto begani. Walimkamata kwenye nguzo ya goli. Fundi cherehani akamkunja shati.

"Mtu mzima ovyo! Huna haya, unamwibia binti yako wa kumzaa?"

Binti alimpokonya mtoto, akamkumbatia hadi mifupa ikauma. Halafu akamtazama baba yake kama mtu anayemzika aliye hai.

"Kesho utaondoka kwangu, Baba. Wakakutunze wanaojua kutunza watu kama wewe." Alilisema neno hilo, na papo hapo akatamani alimeze.

Mzee hakumtazama hata mmoja wao. Alikuwa anatazama juu ya vichwa vyao.

Nyuma yao kitu kilinguruma, kwanza polepole, kisha chote kwa mkupuo. Ardhi ikatikisika. Walipogeuka, pale palipokuwa na jengo palikuwa na vumbi tu, likipanda.

Mkono wa fundi cherehani uliliachia shati. Mzee akamgeukia mjukuu wake, na binti akahisi mtoto akijinyoosha begani mwake, macho makavu, kidole kikipita kutoka uso mmoja hadi mwingine kwenye mwanga wa simu.

"Wote wametoka, Babu."