Chumvi ya Bibi

Hakuna kipimo cha unyevu nisichoweza kukidanganya, na hilo nasema bila aibu. Hapa Dodoma kila nyumba ina kimoja ukutani. Kinapima mvuke wa pumzi hewani na kuhesabu watu. Yetu imeandikishwa pumzi mbili, yangu na ya Mama. Ya tatu ni ya Bibi, ambaye ametimiza miaka sabini na mitano, umri wa kupelekwa Bonde la Wazee. Hajarudi mtu kutoka huko.

Basi nimemficha stoo, na mlangoni nimetundika vifuko vya chumvi vinyonye mvuke wake. Navibadilisha kila asubuhi, huku Bibi akinitania kwa ndani.

"Mume wangu, unanikausha kama dagaa."

"Dagaa ana nyama, mke wangu."

Leo mkaguzi, Bwana Mlewa, amekuja akakikodolea macho kipimo.

"Pumzi tatu, pamoja na yangu," akasema.

"Ulitegemea ngapi, mzee? Hata paka hatuna."

Akaandika, akaenda zake. Nikamgeukia Mama nikicheka.

"Umeiona kazi ya chumvi yangu?"

Mama hakucheka. Alisimama mbele ya mlango wa stoo, ambao ulikuwa bado umefungwa, ameshika kifuko kimoja. Kilikuwa kinadondosha maji.

"Chumvi hii ni ya juzi, Chiduo; jana na leo umesahau kuibadilisha. Imeshiba, hainyonyi tena kitu," akasema polepole. "Sasa mbona kipimo hakijamhesabu mama yangu?"