Dohani ya Nderakindo

Sheria ilisema mhandisi anayechagua dohani ya kiwanda, lile bomba refu la kutolea moshi, atahamia chini yake na familia yake kwa miaka kumi. Meneja wa kiwanda cha saruji alimsihi mhandisi wake, Nderakindo, achague dohani nyembamba inayoshikiliwa kwa kamba za chuma, maana husimamishwa kwa wiki moja tu.

"Hapana," alisema Nderakindo. "Nataka nene, isimame yenyewe juu ya msingi wa zege. Kamba ikikatika, itaniangukia jikoni."

Alibishana na meneja na wakubwa wake miezi minne, wakakubali.

Jioni waliyohamia, mumewe Elinami alikuwa akimenya ndizi mlangoni. Aliitazama dohani, imetulia tuli katika upepo.

"Mama Neema, ile ya kiwanda cha ngozi, uliyochagua kabla ya sheria, inashikiliwa na nini?"

"Kamba nne."

"Na chini yake wanakaa watu?"

"Wanakaa."

Alfajiri Nderakindo alifunga vipimo vyake kwenye begi, akapanda basi la kwenda kiwanda cha ngozi bila kuomba ruhusa ya mtu. Njia nzima alitazama miti, aone upepo unavuma kwa nguvu gani.