Alama kwenye Mdeki

Makungu alikuwa fundi cherehani, lakini raha yake ilikuwa kufufua magobore makuukuu na kuyachongea vitako vipya, ingawa hakuwahi kuua hata kanga. Leo Tindwa, rafiki yake wa tangu miaka ishirini iliyopita, alimletea karakanani, alitengeneze, gobore ambalo Makungu alimtunukia siku alipooa. Parafujo ya nyuma ya mtutu ilikuwa imeshika kutu, na ingefunguka kwa moto tu.

"Halina kitu ndani, ndugu yangu. Nimelisafisha mwenyewe jana."

Kwa mazoea, Makungu alitumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia. Aliuchonga mwenyewe akautia alama: mtutu ukiwa mtupu, alama hulingana na mdomo. Leo ilisimama vidole vinne juu. Akasukuma tena. Baruti na risasi zilikuwa chini, zimeshindiliwa zikakaa.

Watu husahau, alijiambia. Akainua macho ili amtanie, akamkuta Tindwa keshatoka nje, kajibanza nyuma ya ukuta, anachungulia kwa jicho moja.

"Njoo uvute mivukuto, uyapulizie makaa kama siku zote."

"Leo moshi utaniumiza, bwana. Wewe uweke tu motoni."

Makaa yalikuwa mekundu, hayana hata uzi wa moshi. Makungu akaketi kwenye kigoda.

"Haya, Tindwa. Nauweka."

Nje hatua zilianza kuondoka, kisha zikakimbia. Makungu alizisikiliza mpaka zikapotea, mtutu ukiwa mapajani pake, baridi, na mdeki ungali umechomoza vidole vinne.