Pipa la Mlimani

Pipa liliporomoka kutoka kwenye vigingi vyake, maji yakafurika sakafuni mwa kibanda, na pamoja na maji akatoka panya buku aliyekwisha kuoza. Manyoya yalikuwa yamemtoka. Tumbo lilikuwa limefura na kupasuka, na utumbo ukaelea hadi miguuni mwa Seifu.

Chome, mlinzi wa msitu kutoka Taru, ndiye aliyeliegemea pipa likaanguka. Alikitazama kinyaa kile, akakitazama kikombe alichokuwa akinywea tangu walipofika, kisha akatoka mbio. Walimsikia nje akitapika mpaka nyongo.

"Maskini," alisema Mzee Abdurahman. "Waona, Seifu? Saumu ni ngao."

"Naam, mzee," Seifu akajibu, meno ameyakaza.

Ilikuwa Ramadhani ya kwanza baada ya Uhuru. Seifu alikuwa amemposa Mwanafatuma, na babake, huyu Mzee Abdurahman, hakusema ndiyo wala la. Alisema tu kwamba mtu hajulikani mpaka usafiri naye. Basi waipande milima ya Shimba kwa miguu, na saumu zao, amjue huyo anayetaka kuwa mkwewe.

Njiani Seifu aligusia kwamba msafiri ana ruhusa ya kufungua.

"Ruhusa ya wavivu hiyo," mzee akamkata kauli. "Makobe hao, wanaokula mchana kwa kujificha! Kobe simwozi mwanangu, abadan."

Jua liliwachoma bila huruma. Walipofika kibandani, mzee aliingia kwanza kutia udhu, akakawia. Kisha akaingia Seifu. Aliapa atasukutua tu. Akasukutua, koo likamshinda, akanywa kata tatu nzima. Maji yalikuwa na ladha ya kutu na ya kitu kingine asichotaka kukijua, lakini kwa kiu ile aliyaona matamu kuliko madafu.

Sasa yalikuwa yanamrudia. Uvundo ulijaa kibandani. Alihisi unyoya umemganda nyuma ya ulimi, au alidhani tu. Mate yakamjaa kinywani, akayameza. Kikapanda kitu kizito kuliko mate, akakimeza nacho. Alijichukia. Mzee alikuwa amemkazia macho, midomo ameifumba, jasho linamtiririka. Ananichunguza, Seifu akawaza. Nikitapika tu, Mwanafatuma si wangu tena. Akajitahidi kumfikiria Mwanafatuma, lakini kila alipomfikiria alimwona anapukutika manyoya.

Tumbo likajikunja, likapanda lote hadi kooni. Basi, yamekwisha. Seifu akafumba macho.

Akasikia mtu anatapika, na si yeye.

Mzee Abdurahman alikuwa ameinama, ameshika nguzo, kanzu imelowa mpaka magotini. Yalitoka maji matupu, mengi kuliko kata tatu.

Alijifuta ndevu taratibu, akachungulia mlangoni kuona kama Chome yuko karibu.

"Harusi," alisema, "tuifanye mfunguo mosi."