Vijiti vya Meja Hartnoll

Mpira wa kwanza tu wa kriketi pale kijijini, na vijiti vitatu alivyokuwa akivilinda Meja Hartnoll vikawa chini. Kimoja kilivunjika katikati, cheupe kama mfupa.

Aliyeurusha ni mhunzi wa kijiji. Miaka tisa alikuwa askari wake kule India, na kila jioni walicheza kriketi kambini. Hakumwangushia vijiti hata siku moja.

"Umejifunza lini kurusha hivi?" Meja aliuliza.

"Kabla sijavaa sare, afande."

"Sasa kule kambini je?"

Mhunzi alicheka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Afande nawe! Nani akuangushie vijiti, halafu akeshe lindoni wiki nzima? Tulikuwa tunakupa unachokitaka."

Watazamaji wakaangua kicheko. Meja aliinama kuokota kile kijiti kilichovunjika, akachelewa kuinuka.

"Na ule mto," alisema taratibu, "uliowameza vijana wetu kumi na wanne. Nilikuuliza kama maji yanavukika. Ukaniambia yanavukika."

Mhunzi hakucheka tena.

"Uliniuliza ukiwa umeshapanda farasi, tayari kuvuka, afande."