Mafua ya Mkunde

Alikuwepo Fuko mmoja mwenye huruma nyingi na macho hafifu. Kiangazi kimoja alipapasa mizizi ya mkunde uliotia kivuli juu ya shimo lake, akakuta vijidudu wanaoishi pale wamejaa ute unaovutika kama mlenda.

"Maskini, mafua gani haya!" akasema. "Poleni jamani. Ngojeni niwapanguse."

"Bwana Fuko, sisi..." akaanza Bi Nata, mkubwa wao.

"Usiseme, mama, utaanza kukohoa."

Akawapangusa kwa mchanga mkavu, pua baada ya pua, akaondoka moyo mweupe.

Siku ya tatu jua likamfuata mpaka shimoni. Juu, majani ya mkunde yalikuwa yamejikunja, kingo zake nyekundu kama bati lililoliwa na kutu. Fuko akarudi mbio mizizini.

"Bi Nata, mkunde unakufa!"

"Ukame unauunguza kwa ndani," akajibu Bi Nata kwa sauti ndogo. "Ule ute ndio uliokuwa ukiukinga, ukishika unyevu mizizini. Mkunde hutupa sukari, nasi twaigeuza ute. Hatukuwa na mafua, mwanangu. Tulikuwa kazini."

Fuko akaenda mbali kuchimba udongo wenye unyevu, akawafunika nao, akakaa kando, mikono nyuma, asiguse kitu, mpaka mkunde ukachipua jani moja.

Tangu hapo, Fuko akikutana na mtu anayechuruzika kamasi, humwamkia kwanza, kisha huuliza: "Niseme pole, au niseme pole na kazi?"